Liwashwe Likiwa Baridi

Magari mengi ya mkononi huuzwa Magu mchana. Dalali hulileta gari kutoka Mwanza mjini, kilomita 60 hivi kwa barabara ya Musoma, akapita Kisesa na Nyanguge, na anapoliegesha mbele ya mnunuzi injini imeshakula moto wa saa nzima. Mnunuzi hulizunguka, huangalia rangi na matairi, hufungua boneti, husikiliza mlio. Injini imetulia, bomba la moshi halitoi kitu cha kuonekana, na fundi aliyeitwa kusaidia anaitikia kwa kichwa. Katika mkutano huo huenda hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo ushahidi uliokuwa na uzito kuliko wote ulikwisha kupotea kabla hawajakutana, kwa sababu ulikuwepo alfajiri, gari lilipowashwa mara ya kwanza baada ya kulala usiku kucha, na aliyekuwa karibu nao ni muuzaji peke yake.

Mafunzo ya moshi wa gari kwa kawaida huanza na rangi. Mweupe ni maji, wa bluu ni oili, mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa. Orodha hiyo si ya uongo, na kijana yeyote aliyekaa gereji wiki mbili anaijua. Kasoro yake ni kumfanya mtu aamini kwamba akishaitaja rangi ameutaja na ugonjwa. Ninachoshikilia ni kwamba moshi usomwe kwanza kwa muda, rangi ifuate: ulitokea sekunde ya ngapi, ulidumu kiasi gani, ulirudi lini, na injini ilikuwa imelala saa ngapi kabla ya hapo. Moshi wa bluu ukitokea kwa nyakati mbili tofauti hubeba habari mbili tofauti, moja ya kumalizwa gereji kwa siku moja, nyingine ya kufumua injini nzima. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya habari hizo hukaa ndani ya dakika chache za kwanza, anayekutana na injini ya moto amekatiwa ushahidi hata kama amekuja na fundi hodari kuliko wote wa Kanda ya Ziwa.

Tuangalie kinachotokea ndani ya injini iliyozimwa jioni. Oili iliyokuwa ikizunguka juu kwenye silinda hedi haishuki yote. Nyingine hutuama karibu na mashina ya valvu. Kila shina hupita ndani ya bomba lake fupi la chuma, na juu ya bomba hilo kuna sili ndogo ya mpira ambayo kazi yake ni kuruhusu kiasi kidogo tu cha oili kishuke kulainisha. Joto la miaka mingi huukausha mpira ule ukawa mgumu, ukaacha kulishika shina. Usiku oili hupenya hapo taratibu, ikadondokea juu ya pistoni au nyuma ya valvu. Asubuhi stata ikipigwa, oili hiyo huungua yote kwa pamoja: wingu la bluu, harufu kali ya oili, na baada ya nusu dakika au dakika moja hewa imesafika. Mchana kutwa gari hilo linaweza lisionyeshe kitu tena. Ringi za pistoni zilizoisha hufanya kinyume. Moshi wake hautulii injini ikipata moto, hufuata mguu: ukikanyaga mafuta unaongezeka, ukipandisha mlima na mzigo unaongezeka zaidi, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma utakuta pumzi zinapiga mkono kwa nguvu. Wote ni moshi wa bluu, wote ni gari linalokula oili. Sili za valvu fundi mzuri huzibadilisha bila kushusha injini, wala hana haja ya kugusa pistoni. Ringi zinadai injini ifumuliwe, silinda zipimwe, na mara nyingi maamuzi yake huishia kwenye kutafuta injini nyingine.

Maji nayo yana desturi yake ya usiku. Gasketi ya silinda hedi ikiwa imeanza kuachia, shinikizo linalobaki ndani ya rejeta baada ya kuzima huendelea kuyasukuma maji kidogo kidogo kuelekea kwenye silinda moja. Asubuhi injini huamka ikitetema, silinda hiyo haishiki, moshi mweupe mzito hutoka, kisha baada ya muda mfupi plagi inakauka na mlio unakaa sawa. Nozeli inayovuja nayo hudondosha petroli usiku ule ule, stata ikazunguka muda mrefu kuliko kawaida, halafu pafu moja jeusi lenye harufu ya petroli mbichi likaruka nje. Sili, gasketi na nozeli ni hitilafu tatu zisizo na undugu, na zote zinajitangaza ndani ya dakika ile ile. Saa nne ya asubuhi, baada ya safari ya kutoka Mwanza, huenda zote zimenyamaza.

Rangi inayosumbua watu zaidi ni nyeupe, na hapa jiografia inaingia. Lita moja ya petroli ikiungua vizuri huzaa takriban lita moja ya maji, kwa sababu haidrojeni iliyomo kwenye mafuta huungana na oksijeni ya hewani. Maji hayo hutoka kama mvuke. Bomba likiwa la moto na hewa ya nje ikiwa ya joto, mvuke hutawanyika bila kuonekana. Bomba likiwa baridi, sehemu yake hugeuka matone yanayodondoka nyuma ya gari, na hewa ikiwa ya baridi na yenye unyevu, iliyobaki huonekana kama ukungu mwepesi. Dar es Salaam, ambako alfajiri nyingi ni za joto, ukungu huo ni nadra. Magu iko kwenye Ghuba ya Speke, na uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Juni au Julai hapa hushuka vizuri chini ya nyuzi 20, na ziwa linaongeza unyevu wake. Gari lilelile ambalo mwenye nalo hakuwahi kuliona likitoa mvuke Temeke linaweza kuutoa Magu likiwa na afya kamili, na mnunuzi akalikataa gari zuri kwa hofu. Kinachotenganisha mvuke huu na ugonjwa ni muda: huisha kadiri bomba linavyopata moto, hupotea mita moja au mbili tu kutoka kwenye mdomo wa bomba, na haulipunguzi maji rejeta. Ule wa gasketi huendelea injini ikiwa imeshika moto, hutambaa hewani kabla ya kupotea, na siku ya pili maji yamepungua bila tone kuonekana chini ya gari.

Vitabu vya ufundi vinaongeza alama nyingine: moshi wa maji ya rejeta hunukia utamu, kwa sababu ya kemikali iliyomo kwenye kulanti. Alama hiyo ni ya kweli mahali ambapo magari hutumia kulanti. Kwetu rejeta nyingi zimejazwa maji ya bomba, ya kisima au ya ziwani, na maji matupu yakigeuka mvuke hayana utamu wowote. Fundi anayesubiri harufu ya kitabuni atalipitisha gari bovu. Maji matupu tena yana dhambi ya pili: hayana dawa ya kuzuia kutu, hivyo hula njia za ndani, huacha magadi kwenye vijia vyembamba vya rejeta, na gari likaanza kuchemsha. Likichemsha mara kadhaa silinda hedi hupinda, gasketi ikaachia. Kwa hiyo huku kwetu kisababishi cha ugonjwa ndicho pia kinachofuta dalili yake iliyoandikwa. Zinazobaki ni dalili za kupimwa, na hizo nazo zinadai ubaridi. Kifuniko cha rejeta hufunguliwa kwa usalama injini ikiwa baridi tu. Ya moto humwagia mtu maji yanayochemka usoni. Kikifunguliwa hivyo na injini ikawashwa, viputo visivyokoma ndani ya maji ni gesi ya silinda inayopenya. Au kifuniko kiachwe kimefungwa na mkono uwekwe kwenye mpira mkubwa wa juu wa rejeta: ukikakamaa ndani ya dakika ya kwanza, maji yakiwa bado hayajapata joto, kilichoukakamaza si joto. Injini ikishapata moto mpira hukakamaa kwa haki yake, na kipimo kinakuwa hakina maana.

Lipo jambo la thamostati ambalo linastahili kusemwa waziwazi. Gari likianza kuchemsha, mafundi wengi huing'oa na kumwambia mwenye gari kwamba nchi yetu ni ya joto, kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Ushauri huu umeenea sana na umefanya madhara makubwa. Thamostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, nyuzi 80 na kitu. Ikiondolewa injini hukaa baridi kwa muda mrefu kila asubuhi. Kompyuta ya gari inaona ubaridi na inaendelea kumimina petroli ya kuwashia, silinda zinaoshwa oili yake, na mvuke unaopita ringi unageuka maji ndani ya oili badala ya kuchemka na kutoka. Mnunuzi akifungua kifuniko cha oili akakuta utando wa rangi ya maziwa anaambiwa injini inachanganya oili na maji, gasketi imekufa. Huenda ni kweli. Huenda pia ni unyevu tu wa injini isiyo na thamostati inayofanya safari fupi za sokoni na shuleni. Muda ndio unaoamua tena: mshale wa joto ulichukua dakika ngapi kupanda, na moshi uliendelea baada ya kupanda au ulikoma?

Nirudi kwenye bluu, kwa sababu ndiyo inayofichwa kwa ustadi zaidi. Injini nyingi ndogo za Kijapani zinazokuja kwetu, za kina IST, Spacio na Noah, ziliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Injini ikianza kula oili, muuzaji huweka namba 40 au 20W-50, na moshi unapungua kwa sababu oili nzito hupenya polepole. Kipo na kifaa kinachoficha bila mtu kukusudia. Ndani ya ekzosti kuna masega, yale matundu madogo yaliyopakwa madini ya thamani ili kuunguza mabaki ya mafuta. Yakiwa mazima na yamepata moto huunguza pia sehemu ya ukungu wa oili kabla haujatoka nje. Yakiwa baridi hayafanyi kazi hiyo, kwa hiyo katika dakika za kwanza bomba husema kile ambacho baadaye halitakisema. Magari mengi masega yake yameng'olewa na kuuzwa. Gari la namna hiyo litaonekana kutoa moshi zaidi ya jirani yake mwenye injini iliyochoka kuliko yeye. Anayelinganisha magari mawili kwa wingi wa moshi peke yake, bila kuinama kuangalia kama masega yapo, anaweza kuchagua lililo bovu zaidi. Zipo pia injini ambazo udhaifu wake ulizaliwa nao. Mfano maarufu ni 1ZZ-FE ya Toyota, ya sentimita za ujazo 1,800, ambayo pistoni za matoleo yake ya mwanzo zilikuwa na matundu machache mno ya kurudishia oili, ringi ya oili ikaziba na kunata. Hapo mwaka wa gari ni muhimu kama moshi wenyewe, na kwa injini ya aina hiyo mnunuzi aangalie kijiti cha oili kabla gari halijawashwa, oili ikiwa imetulia yote chini.

Moshi mweusi sitaukalia sana. Kwa gari la petroli chanzo chake mara nyingi huonekana na hurekebishika. Vumbi la njia za kuelekea Kabila au Ng'haya huziba chujio la hewa, na fundi hulipuliza kwa upepo wa kompresa mpaka karatasi inatoboka. Siku hiyo moshi mweusi unakoma na mchanga unaanza kuingia kwenye silinda, ambako baada ya miezi utazaa moshi wa bluu. Dizeli inahitaji neno zaidi. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na pampu ya zamani ya Hiace isiyo na tabo hupeleka mafuta yaleyale iliyopimiwa usawa wa bahari. Moshi mweusi kidogo likiwa na mzigo hapa si lazima uwe ugonjwa. Moshi mweupe wa dizeli alfajiri, unaowasha macho na kunuka mafuta mabichi, ni habari nyingine: dizeli haijaungua, ama kwa sababu plagi za kupashia moto zimekufa, ama muda wa pampu umehama, ama kompresheni imeshuka. Plagi za kupashia moto ni kitu kidogo. Kompresheni ni kila kitu. Na injini ya dizeli yenye kompresheni hafifu, ikishapata moto, inaweza kuvuta vizuri kiasi cha kumridhisha mtu yeyote aliyeijaribu saa sita mchana.

Kwamba ukweli wa injini uko kwenye ubaridi si imani ya mafundi wa vijijini. Wanaopima uchafuzi wa magari duniani wamelijenga jambo hilo ndani ya kanuni zao. Kipimo cha Marekani cha magari madogo kinataka gari lipumzike kati ya saa 12 na 36 kwenye chumba chenye joto la wastani kabla ya kuwashwa, na kwa magari ya kisasa ya petroli sehemu kubwa ya mabaki ya mafuta yasiyoungua hutoka katika dakika zile za mwanzo. Ulaya ilikuwa na utaratibu ulioliacha gari lingurume sekunde 40 kabla vifaa havijaanza kukusanya moshi. Sekunde 40 tu, na zilionekana kuwa zinaficha mengi mno. Kanuni zilizoanza mwaka 2000 zikaziondoa, kipimo kikaanza pamoja na kuwashwa kwa injini. Kama wahandisi wenye maabara walikubali kwamba sekunde hizo zinapotosha, mnunuzi wa Magu anayepewa gari lililokwisha kutembea kilomita 60 ana sababu ya kutosha ya kuomba lilale kwanza.

Atakuwepo wa kusema kwamba zama za kunusa bomba zimepita: fundi wa leo anachomeka mashine, kompyuta ya gari inaeleza yenyewe. Mashine ina kazi yake, nami nisingemshauri mtu aiache. Lakini kompyuta husoma inachopimiwa na vihisi, na hakuna kihisi cha sili ya valvu iliyokauka. Itaona silinda inayokosa kushika, itaona masega yaliyochoka, mara nyingi baada ya oili kuyaharibu kwa muda mrefu. Tena kumbukumbu zake hufutika kwa kubonyeza kitufe kabla mnunuzi hajafika. Zikifutwa, kompyuta inahitaji kuanza upya vipimo vyake vya ndani, na baadhi ya vipimo hivyo haivianzi mpaka injini iwashwe ikiwa baridi. Kwa maana hiyo mashine yenyewe inaomba kile kile ninachokiomba.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa mfuko. Gari la zaidi ya miaka kumi linatoa moshi, watu watasema, na anayetaka lisilotoa akanunue jipya. Wengi wa wanaonunua magari haya wanatafuta riziki: wanataka mchomoko wa kubeba abiria, au kigari cha kusomba dagaa na mpunga. Kuwabebesha masharti ni kuwafungia mlango. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito kwa sababu nusu yake ni sahihi. Gari linalotoa wingu la bluu kwa sekunde 20 kila alfajiri linaweza kufanya kazi miaka mingi kwa mtu anayekumbuka kuangalia oili, na nisingemwambia asilinunue. Ningemwambia alinunue kwa bei ya gari lenye sili zilizokufa. Mwenye mtaji mdogo ndiye asiyeweza kuvumilia kosa la kuzichukua ringi akidhani ni sili, kwani gari ni mtaji wake wote, na injini ikifa mwezi wa tatu hana fedha za kuifumua na mkopo unaendelea kudai. Sheria zetu za kodi humsaidia kidogo tu hapa, maana zinahesabu umri. Mamlaka ya Mapato hutoza ushuru wa uchakavu kwa gari dogo linaloingia nchini likiwa limepita miaka 8, na mkubwa zaidi likipita 10. Kenya huyakataa kabisa yaliyopita miaka 8, na Uganda tangu 2018 huyakataa yenye miaka 15 na zaidi. Umri husema gari lilitoka kiwandani lini. Hausemi lilibadilishwa oili kwa wakati au lilichemshwa mara ngapi. Na wapo wengine ambao hawakuulizwa katika biashara hii: abiria wa stendi, watoto wanaovuka barabara kuu kwenda shule. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Moshi ambao mwenye gari ameuzoea unaingia kwenye mapafu ya watu ambao hawatapata sehemu yoyote ya faida.

Itasemwa pia kwamba hata alfajiri inaweza kuchezewa. Muuzaji huliwasha gari saa tisa usiku, akaliacha lipoe juu juu, akalionyesha saa kumi na mbili likiwa na boneti ya baridi. Au anamimina dawa ya kuifanya oili iwe nzito, na kipimo kinamwonyesha mnunuzi injini iliyotulizwa kama mgonjwa aliyemeza dawa ya maumivu kabla ya kuingia kwa daktari. Haya hutokea. Injini lakini hupoa polepole ndani kuliko nje. Mkono ukiwekwa kwenye bloku, chini karibu na sampu ya oili, utahisi uvuguvugu uliojificha. Kijiti cha oili kikitolewa, oili iliyotiwa dawa hunyooka kama uzi inapodondoka. Njia iliyo salama zaidi ni gari lilale mahali pasipo pa muuzaji wala pa dalali, kwenye maegesho yenye mlinzi au gereji ya fundi aliyelipwa na mnunuzi, ufunguo ukiwa kwa mtu wa tatu. Fundi aliyelipwa na dalali, huku kipato cha dalali kikitegemea cha juu cha mauzo, ana sababu ya kuitikia kwa kichwa hata akiwa mtu mwema. Na kipimo cha alfajiri hakitoshelezi peke yake. Gari likishawashwa na kutazamwa mpaka mshale wa joto utulie, lipelekwe barabara kuu, liachiwe mafuta likiwa kwenye gia kwa muda kisha likanyagwe tena, mtu wa nyuma akiangalia: sili mbovu hujitokeza pale mguu unaporudi. Ringi zipimwe kwa kompresheni, kwanza kavu, halafu kwa kumimina oili kidogo ndani ya silinda. Kipimo kikipanda baada ya oili, ringi zimeisha. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi.

Linabaki swali la nguvu. Muuzaji anaweza kukataa, akasema wapo wateja watano wanaolingoja. Mara nyingine ni kweli. Hata hivyo kukataa gari lisilale usiku mmoja mahali pa wazi ni jibu, na linastahili kupunguza bei kama vile mkwaruzo mlangoni unavyopunguza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inalifanya suala hili kuwa zito kuliko linavyodhaniwa. Inamlinda kwa kiasi mnunuzi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, kwamba bidhaa iwe ya ubora unaofaa kuuzwa; lakini akishaikagua mwenyewe, kinga hiyo haigusi kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Anayenunua kwa mtu binafsi ana kinga ndogo zaidi. Kwa hiyo mnunuzi aliyelizunguka gari la moto mchana, akafungua boneti na kuridhika, amekagua mbele ya sheria bila kukagua kitu mbele ya injini. Mikataba ya mauzo inayoandikwa kwa mwanasheria au mbele ya mtendaji tayari hutaja namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini na bei. Mstari mmoja unatosha kuongezwa: kwamba gari lililala mahali fulani, likawashwa likiwa baridi siku na saa fulani mbele ya pande zote mbili, na moshi ulioonekana ulikuwa wa namna hii na ulidumu kwa muda huu. Muuzaji mkweli hapotezi chochote kwa mstari huo. Ni yeye anayeumizwa leo, kwani gari lake lenye injini nzima linauzwa kwa bei ya mashaka sawa na lile lililopashwa moto njiani.